Kiporo cha Lekeu

Jumatatu ndiyo siku ya taifodi. Sijui kama ni chakula cha matanga ya Jumamosi au watu husubiri tu wikendi ipite ndipo waugue rasmi, lakini ikifika saa mbili asubuhi benchi iliyo nje ya maabara yetu, hapa Kondele, Kisumu, huwa haina nafasi hata ya kuweka mkoba. Kila mtu ameshika karatasi, na kwenye karatasi kuna neno moja limeandikwa mbiombio: Widal. Natoa damu, naizungusha kwenye mashine hadi maji yake yatengane, nadondosha tone kwenye kigae cheupe, naongeza tone la dawa, natikisa kwa mkono huku nikihesabu, kisha nainama chini ya taa kuangalia kama pameganda chembechembe. Zikiganda, mtu anaambiwa ana taifodi. Zisipoganda, ananitazama kama mwizi.

Nimeifanya kazi hii miaka 19 na kile kigae bado sikiamini. Mtu aliyekulia Nyalenda au Manyatta, akinywa maji ya mkokoteni tangu utotoni, damu yake imeshakutana na vijidudu vya ukoo huo mara nyingi, kiasi kwamba tone lake linaweza kuganda kwa mazoea tu. Huenda homa iliyomleta leo ni malaria. Ukitaka kujua kweli, unaotesha damu kwenye chupa na kungoja siku kadhaa. Nikieleza hivyo naulizwa bei. Nikitaja bei naambiwa, "Daktari, wewe andika tu." Mimi si daktari. Nimechoka kusahihisha.

Widal ni jina la mtu: Fernand Widal, daktari wa Paris, ambaye kipimo chake alikitangaza mwaka 1896. Mwaka huo niliukariri chuoni kwa sababu ulikuwa unapenda kutokea kwenye mtihani. Sikujua kwamba siku moja ungenirudia jioni, nikiwa na viola begani.

Viola, kwa msomaji ambaye hajaiona, ni fidla iliyonenepa. Sauti yake iko kati ya fidla na chelo, kama mtoto wa kati ambaye hakuna anayemkumbuka hadi vyombo viwe vichafu. Yangu niliinunua Nairobi ikiwa imetumika, na tangu ifike Kisumu haijakubaliana na joto la hapa. Msimu wa ukavu vigingi vinateleza, mvua zikianza vinakwama, na mara mbili gundi ya ubavuni imeachia. Fundi wangu ni seremala wa Kibuye anayetengeneza majeneza. Ana mkono mwepesi kuliko wengi nilioonyeshwa.

Tuko wanne. Mwalimu anapiga chelo. Amestaafu, na sidhani kuna mtu aliyeimba kwaya ya shule sehemu hizi akafika tamasha la muziki la mkoa bila kugombezwa naye walau mara moja. Binti wa fidla anasoma muziki Chuo Kikuu cha Maseno na huja na matatu ya saa kumi. Wa piano ndiye mpiga kinanda wa kanisa linalotuachia ukumbi wake kule Milimani kila Alhamisi. Piano yenyewe ni ya zamani, ina ufunguo mmoja katikati, F shapu, unaozama mvua ikinyesha na haurudi hadi uuchokonoe kwa kidole. Mkumbuke huyo F shapu.

Alhamisi moja ya Aprili, ngurumo zikitoka upande wa ziwa, Mwalimu alishuka kwenye tuktuk na chelo lake (hutozwa nauli ya watu wawili, na hajaacha kulalamika) na bahasha ya karatasi alizochapisha saiba, barabara ya Oginga Odinga. Noti za waliokufa zamani hupatikana bure kwenye intaneti, gharama ni karatasi tu. Ilikuwa kazi ya watu wanne: piano, fidla, viola, chelo. Ngazi yake ya sauti ni B maina. Mpiga piano akasema kwamba Maina huyu si yule wa Othaya, na amelisema hilo kila Alhamisi tangu siku hiyo. Kisha akatazama alama za mwanzo na kuacha kucheka. B maina ina F shapu kila mahali.

"Huyu ni nani?" nikauliza. Jina juu ya karatasi lilikuwa Guillaume Lekeu.

"Kijana," Mwalimu akasema. "Aliuawa na kazi yako."

*

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1870 huko Heusy, kando ya Verviers, mji wa Ubelgiji uliokuwa ukiishi kwa sufu kama Kisumu ilivyowahi kutumaini kuishi kwa pamba. Familia ikahamia Ufaransa akiwa bado mtoto. Alipofika Paris alipelekwa kwa César Franck, Mbelgiji mwenzake, mzee aliyekuwa akipiga kinanda kanisani na kufundisha vijana waliompenda kupita kiasi. Wakati wao ulikuwa mfupi. Franck alifariki Novemba 1890, na kijana akachukuliwa na mwanafunzi mwingine wa Franck, Vincent d'Indy. Shika jina hilo pia, pamoja na F shapu.

Alikuwa mtu wa moyo mwepesi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 alisafiri hadi Bayreuth kusikiliza opera ya Wagner, ile ya Tristan na Isolde, na akazimia wakati wa utangulizi, wakambeba nje. Utangulizi! Pazia halijafunguliwa, hakuna aliyeimba, hakuna aliyekufa. Mama yangu angesema huyo mtoto alikuwa hajala.

Aliyemfanya ajulikane ni Eugène Ysaÿe, bingwa wa fidla wa Ubelgiji, ambaye alimtaka aandike sonata ya fidla na piano. Lekeu akaiandika mwaka 1892, Ysaÿe akaipiga Brussels Machi 1893, na hadi leo wapigaji wa fidla wanaitunza kama siri nzuri. Kisha Ysaÿe akataka kingine, safari hii cha watu wanne. Ndicho hiki kilichokuwa kwenye bahasha ya Mwalimu.

Sehemu ya kwanza Lekeu aliimaliza. Kichwa chake cha Kifaransa ni kama kusema "kwa ghadhabu yenye maumivu", na sijaona mtunzi aliyesema kweli zaidi kichwani mwa ukurasa. Inaanza imeshakasirika. Hakuna karibu, hakuna hodi. Unakaa robo saa hivi ndani ya nyumba ambamo mtu anabamiza milango, halafu katikati ya kubamiza anakuja kukaa karibu nawe na kusema jambo la upole kiasi kwamba unasahau mlango. Viola ina kazi nyingi humo, jambo ambalo watunzi wengi hawatujalii. Mara ya kwanza tulipoipitia tulikuwa kama watu wanne wanaokimbilia matatu tofauti. Mvua ilikuwa inanyesha, F shapu akazama, na mpiga piano akawa anaimba ile noti kwa mdomo kila ikifika.

Sehemu ya pili ni ya taratibu. Hiyo hakuimaliza. Ya tatu haipo.

*

Maandishi yote yanasimulia kwa namna moja: Oktoba 1893 alikula sorbe, yaani barafu tamu ya matunda, iliyokuwa na uchafu, akapata taifodi. Tarehe 21 Januari 1894, siku moja baada ya kutimiza miaka 24, akafa huko Angers, mjini kwa wazazi wake.

Usiku huo nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika na sikujua nimemkasirikia nani. Nikalala nikiwaza kama mtu wa maabara.

Taifodi haibishi hodi siku hiyo hiyo. Kati ya kumeza na homa hupita wiki moja, mbili, hata tatu. Sasa niambie wewe ulikula nini Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Kwenye benchi yangu kila mtu anajua kilichomuuguza, na mara nyingi ni kitu kitamu au kitu cha mtu asiyempenda: juisi ya miwa ya stendi, sambusa za mchana, mtindi wa shemeji. Hakuna aliyewahi kuniambia, "Ni maji ya nyumbani kwangu." Kwa hiyo sorbe naipokea kwa mkono mmoja. Inawezekana kabisa, maana barafu haimuui yule mdudu, inamlaza tu, na enzi zile barafu nyingi ilikuwa ikikatwa mitoni na mabwawani wakati wa baridi, na maji ya mto unajua yamepita kwa nani. Lakini kama ningekuwa nimeshika fomu ya kijana huyu, swali langu la kwanza lingekuwa kisima chao kiko umbali gani na choo.

Jambo la pili ni ile miezi mitatu. Taifodi isiyotibiwa kwa kawaida huwa na wiki zake nne. Wiki ya kwanza homa inapanda kama mtu anayepanda ngazi, kila jioni kipandio kimoja juu ya jana. Ya pili tumbo linavimba na mgonjwa anaanza kutazama ukuta. Ya tatu ndiyo ya hatari, utumbo mwembamba unaweza kuvuja damu au kutoboka. Ya nne unashuka, ukijaliwa. Wengine hushuka, wakaanza kuomba uji, nyumba ikafurahi, kisha homa ikarudi kupanda upya. Oktoba hadi Januari ni mbali. Katika muda kama huo lazima zilikuwepo siku ambazo kijana alijiona nafuu, na nadhani ndizo zinazonisumbua kuliko siku ya kufa.

Na hapa ndipo pananichoma kwa sababu ya kazi. Mdudu mwenyewe alikuwa ameshaonekana kwenye darubini, Karl Eberth alimwona 1880. Georg Gaffky akamwotesha 1884. Jina la adui lilijulikana, sura yake ilichorwa vitabuni, na bado hapakuwa na cha kumfanya. Kipimo changu kibovu kilichelewa miaka miwili. Dawa ya kwanza ya kweli, kloramfenikoli, ilianza kutumika kwa taifodi 1948. Mimi nimeona vidonge vya kizazi kilichofuata vikimwinua mtoto ndani ya siku nne, akaanza kugombania simu ya mama yake palepale kwenye foleni ya kurudia kipimo.

Tangu Aprili hiyo, kila nikitikisa kigae nasikia ile sehemu ya kwanza. Kwa hesabu yake, kusema kweli, inafaa sana kutikisia.

*

Sasa kuhusu kiporo.

Karibu na mwisho wa sehemu ya pili Mwalimu alikuwa ameweka alama ya penseli kwenye karatasi zetu zote nne, mstari wa kusimama na juu yake maneno: "Kuanzia hapa si yeye." D'Indy ndiye aliyemalizia. Alikuwa mwalimu wa marehemu, alijua mkono wake, akachukua kilichobaki na kukifunga kwa heshima ili kiweze kupigwa. Alimfanyia hivyohivyo sonata ya chelo ya ujanani. Bila yeye huenda karatasi hizi zingekaa kwenye sanduku la mama huko Angers hadi panya wazisome. Hilo nalikubali na nilianza nalo, kabla ya ugomvi.

Ugomvi ulikuwa kwamba mimi nilitaka tuishie kwenye penseli.

"Kiporo hakiliwi baridi, Nyar Seme," Mwalimu akasema. Ananiita kwa kwetu, binti wa Seme, akitaka kunishinda kwa upole. "Mtu amekuachia chakula jikoni, unawasha moto, unapasha, unakula. D'Indy alipasha."

Nikamwambia kupasha ni kuwasha moto. D'Indy aliongeza nyanya. Ukiongeza nyanya mpya, kitunguu kipya na chumvi yako, hicho si kiporo tena, ni mboga ya leo yenye nyama ya jana.

Binti wa Maseno akauliza kwani hadhira itajuaje. Swali la haki, na ndilo lililonitia hofu. Mimi mwenyewe bila ile penseli nisingejua. Mkono wa d'Indy ni mzuri, hautelezi. Mshono haupo. Unapita juu ya kaburi la kijana wa miaka 24 kwa mwendo uleule, na hata mguu haujikwai.

Mpiga piano akasema yeye anataka mwisho kwa sababu kanisani kila kitu kina amina.

Tulibishana hadi Juni. Mwalimu, ambaye ana kabati la mifano, alinitolea wengine. Schubert alianza kazi ya nyuzi nne Desemba 1820, C maina, akamaliza sehemu ya kwanza ambayo ni kama moto wa makuti, akaandika bari 41, yaani vipande vidogo vya mstari wa noti, za sehemu ya pili, akaweka kalamu chini. Brahms ndiye aliyekuja kuwa na ule mswada na kuusaidia kuchapishwa 1870. "Na leo wanaipiga sehemu ile moja tu," Mwalimu akasema, "na hakuna anayelia." Mahler naye, kijana wa shule ya muziki Vienna mwaka 1876, sehemu moja ya piano na nyuzi tatu, kisha bari 24 za kitu kingine, basi. Grieg alifika sehemu mbili za kazi yake ya pili ya nyuzi nne mwaka 1891, akaishi miaka 16 mingine bila kuongeza ya tatu.

Mifano mizuri, lakini ilikuwa inanisaidia mimi. Hao wote waliacha. Schubert baada ya zile bari 41 aliishi karibu miaka 8 na kuandika maajabu. Mahler aliishi hadi 1911 na kujenga simfoni kubwa kama mabwawa ya umeme. Waliinuka mezani wenyewe, wakaenda kula kwingine. Kama Schubert alishindwa au alichoka au alipata wazo bora, alikuwa na miaka ya kurudi, hakurudi. Hicho ni kiporo cha aliyeshiba. Lekeu alinyang'anywa sahani. Mimi sioni vipi mambo hayo mawili yanaweza kuitwa kwa neno moja, ingawa kwenye vitabu yote huitwa "isiyokamilika" na kupangwa rafu moja.

"Kwa hiyo tusimame katikati ya sentensi," Mwalimu akasema, "watu watazame viatu vyao, halafu twende nyumbani. Umewafundisha nini? Kwamba watu hufa? Hapa Kisumu? Wanajua."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani bila jibu.

*

Jibu, au nusu yake, lilitoka kwa babu yangu, ambaye amekufa tangu nikiwa darasa la sita.

Babu alipiga orutu. Uzi mmoja, upinde wa katani, kopo dogo la mti lililofunikwa ngozi ya kenge, na mguuni njuga. Ndicho chombo cha kwanza cha kusugua nilichowahi kukisikia, na sauti ya viola ilipoingia masikioni mwangu shuleni nilidhani nimeshaijua, kumbe ni ile pua ya orutu niliyokuwa nikiitambua. Msichana hakufunzwa orutu. Nilishika kopo la pesa.

Kwa sababu ya lile kopo nilijua mapema jambo ambalo Mwalimu na makabati yake hawakunifundisha: wimbo wa babu haukuwa na mwisho wa kuandikwa. Ulikuwa na mwanzo, hilo ndiyo, na ulikuwa na njia yake. Lakini palepale katikati mtu anainuka, anamsimamisha, anatupa shilingi koponi, na anajigamba. Waluo tunaita pakruok. Anataja jina lake la sifa, kijiji chake, mpenzi wake, ng'ombe wake ambao wakati mwingine hawapo. Watu wanacheka, anakaa, babu anaendelea kutoka pale alipokatwa au kutoka pengine. Wimbo mmoja ungeweza kwenda saa nzima, au ukaisha kwa sababu pombe imeisha, au kwa sababu mvua. Hakuna aliyewahi kurudi nyumbani akasema wimbo wa leo haukukamilika. Kutokukamilika kunahitaji karatasi. Kunahitaji mtu aliyekuahidi sehemu ya tatu kwa wino.

Nilimwambia Mwalimu hayo kwa simu, usiku, kabla sijasahau. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Tunasimama kwenye penseli. Tunaweka pinde magotini. Halafu d'Indy."

"Tunasimama muda gani?"

"Hesabu nne."

"Kumi."

"Nyar Seme, kumi ni ibada."

Tukaafikiana saba.

*

Tulipiga Jumamosi moja ya Agosti, saa tisa alasiri, ukumbini mwetu palepale. Walikuja watu kama 40, nikiwahesabu na watoto wa shule ya Jumapili walioahidiwa soda. Baba mdogo alikuwepo. Hakuja kwa ajili ya Lekeu. Alikuwa ametoka Seme siku hiyo kufuatilia karatasi za shamba, ofisi imefungwa, gari la kurudi ni la jioni, na mimi sikuwa na pa kumweka. Akaketi safu ya mbele na kofia magotini, mtu wa miaka 70 na kitu, mdogo wa mwisho wa wale watoto wa babu, na yeye ndiye aliyerithi ile orutu, ambayo imekaa ukutani kwake bila uzi.

Mwalimu alisimama akaeleza kwa kifupi, kwa Kiswahili kisha kwa Kijaluo: huyu alikuwa kijana, aliugua, hakumaliza, rafiki yake alimmalizia. Hakusema taifodi. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana nusu ya safu ya tatu nimewahi kuwatoa damu.

Jua lilikuwa kali, kwa hiyo F shapu alikuwa mtu mzima siku hiyo. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Mtoto mmoja alianza kulia pale milango inapobamizwa, akatolewa nje, akarudi na soda kabla ya wakati. Sehemu ya pili tuliianza polepole mno, binti wa Maseno akatuvuta, tukakaa. Nje kuku walikuwa wanabishana. Kuna mahali humo ambapo vyombo vinapandiana juu kana kwamba mtu anataka kusema jambo na kila mara anachagua neno refu zaidi, na mimi huwa nawaza ile ngazi ya homa, kila jioni kipandio kimoja. Najua si haki. Aliandika kabla hajaugua.

Tukafika kwenye penseli. Tukashusha pinde. Mpiga piano akaweka mikono mapajani kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

Moja. Mbili.

Ilikuwa kimya kile nilichokitaka tangu Aprili. Hakuna aliyetazama viatu. Tatu.

Hapo kiti cha mbele kikagongana na sakafu. Baba mdogo alikuwa amesimama.

Alifanya kile ambacho mtu yeyote wa makamo yake kutoka kwetu angefanya mwanamuziki akisimama katikati ya wimbo na kumtazama. Alivaa kofia kwanza, kisha akanyoosha mkono kuelekea chelo, kumzuia Mwalimu asije akaanza kabla hajamaliza. Akajigamba, kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayeita upande wa pili wa bonde: yeye ni mjukuu wa Kit Mikayi, jiwe ambalo mvua imelipiga tangu Mungu akiwa kijana na halijatikisika, mume wa mwanamke mmoja tu lakini anayetosha watatu, mtu ambaye ofisi ya ardhi humfungia mlango kwa woga. Na yule pale mwenye fidla nene ni binti wa kaka yake, na anayemwona atoe macho. Kisha akatembea taratibu hadi kwenye piano, akaweka noti ya shilingi mia mbili juu ya kifuniko, akarudi, akaketi, akavua kofia.

Ukumbi ulipasuka. Mama mmoja wa nyuma akapiga vigelegele. Mzee mwingine, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Ahero, akainuka naye kujibu, na shilingi hamsini zikaenda juu ya zile mia mbili. Nilimtazama Mwalimu. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa kicheko au kwa kitu gani, na upinde wake ulikuwa bado gotini, akingoja, kama babu alivyokuwa akingoja.

Hesabu ya saba ilipotea humo. Wakanyamaza wenyewe, polepole, kama watu wanaojua kinachofuata. Mwalimu akainua kichwa, tukavuta pumzi, tukampiga d'Indy hadi mwisho.

Jioni nilimsindikiza baba mdogo hadi stendi. Ndani ya tuktuk, chelo la Mwalimu likiwa katikati yetu kama mgeni wa tatu, aliniuliza, "Baada ya mimi kukaa. Ile ya mwisho. Ilikuwa ya yule mwingine?"

"Ndiyo, baba mdogo. Ulijuaje?"

"Alikuwa na haraka."

Tukapita mzunguko wa Kondele bila kusema. Karibu na stendi akagonga ubavu wa chelo kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kuonyesha limekubalika.

"Na yule wa piano," akasema, "mwambie nilitaka kutoa mia. Sikuwa na miwani. Anirudishie mia yangu."